Siku nne za kwanza Dubai: mwongozo kamili wa kupanga safari fupi

Wanaokwenda Dubai kwa mara ya kwanza kutoka huku kwetu hukwama kwa namna inayofanana. Huandika orodha ya majengo mashuhuri, wakayagawia saa mbili mbili, na ikifika mchana wa siku ya pili wamo ndani ya teksi kwenye foleni ya Sheikh Zayed Road, jua liko utosini, saa ya kuingilia iliyoandikwa kwenye tiketi imeshapita na watoto wanalia njaa. Orodha yenyewe mara nyingi huwa nzuri. Kilichosahauliwa ni kwamba jiji hili limejinyoosha kando ya bahari, kiasi kwamba kutoka Deira hadi Dubai Marina ni takriban kilomita 30, na kwamba katika nchi ya jangwa jua ndilo linaloamua nani atembee saa ngapi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msafiri wa siku nne na usiku tatu, anayejilipia mwenyewe na asiyeongozwa na wakala. Hatua zifuatwe kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja hutegemea iliyoitangulia.

## Vitu vya kuwa navyo

- Pasipoti ambayo bado ina miezi sita au zaidi kabla ya kuisha, ikihesabiwa tangu siku ya kuingia.
- Viza iliyochapishwa kwenye karatasi, pamoja na nakala yake kwenye simu.
- Tiketi ya kwenda na kurudi, na uthibitisho wa hoteli wenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti.
- Kadi ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya nje, na dola za Marekani taslimu ambazo hazijachakaa.
- Bima ya safari inayogharamia matibabu.
- Simu yenye programu za Careem (ya kuitia teksi), Botim (ya kupigia simu) na ramani, zilizopakuliwa na kujaribiwa ukiwa nyumbani.
- Cheti cha daktari kwa kila dawa unayotumia.
- Viatu vilivyozoea mguu, mavazi yanayofunika mabega na magoti, na sweta nyepesi.

Sweta huwashangaza wengi, lakini viyoyozi vya maduka makubwa na vya treni huwa vikali mwaka mzima. Adapta ya umeme si lazima kwa anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda, kwa kuwa soketi za kule ni zile zile za pini tatu za bapa tunazotumia sisi.

## Hatua ya 1: Chagua msimu kwanza, tarehe baadaye

Kuanzia Novemba hadi Machi hali ya hewa huruhusu kutembea nje mchana. Kuanzia Juni hadi Septemba joto hupita nyuzi 40, na pwani huongezwa unyevu unaolowesha shati kabla hujavuka barabara. Bei nzuri za hoteli utakazoziona mtandaoni mwezi wa Julai zina sababu hiyo. Anayekwenda kwa ajili ya kununua bidhaa tu anaweza kunufaika nazo, kwa sababu atakuwa ndani ya maduka muda mwingi, lakini anayetaka kuona jiji angoje.

Angalia pia kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na ndani yake saa za kazi hubadilika, migahawa mingi huchangamka baada ya futari, na maduka hukesha. Kwa Mwislamu huo unaweza kuwa wakati mzuri kuliko wote, ilimradi mchana wake usijazwe shughuli.

Tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki huko ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ofisi za serikali hufanya kazi nusu siku. Maduka mengi ya masoko ya zamani hufungwa wakati wa swala ya Ijumaa na kufunguliwa tena alasiri, kwa hiyo usiweke ziara ya soko mchana wa siku hiyo.

## Hatua ya 2: Tiketi na viza zipangwe pamoja

Wenye pasipoti za kawaida za Tanzania, Kenya na Uganda wanahitaji viza kabla ya kuondoka. Huombwa kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala wa safari aliyeidhinishwa. Shirika la ndege huwashughulikia abiria wake lenyewe tu, kwa hiyo ukishanunua tiketi ya shirika jingine, mlango huo umejifunga. Amua nani atakuombea viza, kisha ndipo ulipe tiketi.

Ukiwa bado hujapata viza, nunua tiketi inayoruhusu kubadilisha tarehe au kurudishiwa fedha, hata kama inazidi bei kidogo. Tiketi ya bei ya chini kabisa hugeuka ghali siku viza inapochelewa.

Jina kwenye viza lazima lilingane na pasipoti, herufi kwa herufi. Ukipokea viza, usishangilie kwanza. Weka pasipoti kando yake na usome jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na jinsia. Kosa la herufi moja hurekebishika wiki mbili kabla, lakini haliwezi kurekebishika ukiwa umesimama kaunta ya Julius Nyerere au Jomo Kenyatta.

## Hatua ya 3: Soma saa za tiketi kwa utulivu

Hapa ndipo Waswahili wengi hukosa ndege ya kurudi. Tiketi huhesabu siku kuanzia usiku wa manane, nasi kwa mazoea tunaufuatanisha usiku na jioni iliyoutangulia. Tiketi ikisema Jumapili 01:30, maana yake ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumapili. Mtu huyo anapaswa kuwa uwanjani Jumamosi saa nne na nusu usiku, na hoteli aiage Jumamosi. Anayengoja Jumapili jioni ndipo afunge begi atakuwa ameachwa kwa karibu siku nzima.

Kumbuka vilevile kwamba Dubai iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Saa zote kwenye tiketi ni za mahali ndege ilipo wakati huo, kwa hiyo usizifanyie hesabu yoyote ya ziada.

Andika kwenye karatasi sentensi mbili: "Naondoka hotelini siku fulani, saa fulani" na "Nalala hotelini usiku fulani na fulani." Mpe mtu mwingine tiketi aandike zake. Zikilingana, hatua hii imekamilika.

Katika kusoma huko, tazama pia namba ya jengo la abiria. Majengo 1 na 3 ya uwanja wa kimataifa wa Dubai yana vituo vya treni ya Metro, na jengo namba 2, linalotumiwa na safari nyingi za shirika la ndege la flydubai, halina.

## Hatua ya 4: Chagua kitanda kwa kuangalia kituo cha treni

Ushauri wangu kwa mgeni wa siku nne ni Deira au Bur Dubai, karibu na kituo cha Union, Al Rigga, Baniyas Square au BurJuman. Hoteli za pande hizo huwa nafuu kuliko za Marina, chakula cha bei ya kawaida kiko mlangoni, na treni za Red Line na Green Line hukutana Union na BurJuman. Usiridhike na maneno "karibu na Metro" kwenye tangazo. Fungua ramani upime mwenyewe, na ikizidi mita 500 tafuta nyingine, kwa sababu mita hizo utazitembea mara nne kwa siku.

Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu. La kwanza ni amana: hoteli nyingi hushikilia fedha za dhamana kwenye kadi au hudai taslimu, na asiye na habari hujikuta bajeti yake ya siku ya kwanza imekaa kaunta. La pili ni tozo ya utalii, ambayo ni kati ya dirhamu (fedha za kule) 7 na 20 kwa chumba kila usiku kulingana na daraja la hoteli, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni. La tatu ni saa ya kuingia chumbani, ambayo kwa kawaida ni saa nane au tisa mchana. Ndege nyingi za kutoka kwetu hufika alfajiri, kwa hiyo omba ruhusa ya kuacha mizigo mapokezi na upange asubuhi nyepesi.

## Hatua ya 5: Kagua begi kwa jicho la sheria za kule

Hatua hii isirukwe na yeyote, hata mwenye begi dogo.

Dawa zinazouzwa kwetu bila maswali mengi zinaweza kuwa chini ya udhibiti mkali katika Falme za Kiarabu. Dawa za maumivu na za kikohozi zenye kodeini, tramadoli, pamoja na baadhi ya dawa za usingizi na wasiwasi, huhitaji kibali cha mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia dawa, ambacho huombwa mtandaoni kabla ya safari. Soma viambato nyuma ya pakiti, usitegemee jina la mbele. Dawa unazoruhusiwa zibebe kwenye pakiti zake za asili, pamoja na cheti, kwa kiasi cha siku za safari tu.

Mirungi, au miraa, huhesabiwa kule kuwa dawa ya kulevya. Hata majani machache yaliyosahauliwa kwenye mfuko wa koti ni hatari.

Usipokee mzigo wa mtu, hata wa jirani, hata kama ni "unga wa lishe tu wa mtoto". Ukiona haya kukataa, sema begi limeshajaa.

Begi likiwa tayari, uweze kulieleza lote bila kulifungua: kila pakiti ni ya nani, ina nini, na imetoka wapi.

## Hatua ya 6: Kufika, fedha na kadi ya nol

Dirhamu imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu 1997, kwa hiyo hesabu ni rahisi: dola 100 ni dirhamu 367 kabla ya makato. Badilisha kiasi kidogo uwanjani, na kilichobaki kwenye maduka ya kubadilishia fedha mjini. Usibebe shilingi kwa matumaini ya kuzibadilisha huko.

Ukiwa na begi moja kubwa na moja dogo, Metro itakupokea. Mwenye mabegi zaidi achukue teksi rasmi, ambayo kutoka uwanjani mita yake huanza na dirhamu 25. Teksi zenye paa la waridi huendeshwa na wanawake, kwa ajili ya abiria wanawake na familia.

Kwenye kituo cha treni nunua kadi ya kulipia nauli, iitwayo nol, ya rangi ya fedha kwa dirhamu 25, ambazo 19 kati yake ni salio. Nauli hupanda kwa kanda: dirhamu 3, 5 au 7.5. Kadi hiyo hiyo hutumika kwenye mabasi na tramu. Kila mtu awe na yake, na kila mmoja aguse mashine akiingia na akitoka.

Maonyo ya ndani ya treni ni machache lakini yana faini. Usile, usinywe, wala usitafune ubani. Behewa lenye alama za waridi ni la wanawake na watoto, na mwanamume aliyelipanda kwa kukurupuka hutozwa dirhamu 100. Behewa la daraja la dhahabu lina nauli yake, maradufu ya kawaida. Nje ya treni, usivuke barabara pasipo kivuko. Faini yake imezoeleka kuwa dirhamu 400, na kwenye barabara za mwendo kasi sheria ni kali zaidi. Sheikh Zayed Road huvukwa kwa madaraja ya vituo vya Metro.

Kuhusu simu: ujumbe wa WhatsApp hufika, lakini kupiga kwa sauti au video hakupiti. Wengi hutumia Botim, nayo hufanya kazi iwapo na wa nyumbani ameiweka. Mwekee mama programu hiyo kabla hujaondoka, mjaribu pamoja.

## Hatua ya 7: Ligawe jiji kwa pande, kila siku upande mmoja

Kanuni ni moja: asubuhi na jioni nje, mchana ndani, na usivuke jiji zaidi ya mara moja kwa siku. Saa sita hadi saa kumi ni za makumbusho, maduka au usingizi.

Siku ya kwanza: masoko na hori, yaani mkono wa bahari ulio kati ya Deira na Bur Dubai. Ukishapumzika, panda Green Line (ukitokea Union au Baniyas Square ni ya kuelekea Creek, ukitokea BurJuman ni ya upande wa pili) na ushuke Gold Souq mnamo saa kumi alasiri. Kwenye Soko la Dhahabu, bei ya gramu ya siku hiyo kwa kila karati huonyeshwa wazi, na hiyo haina mjadala mkubwa. Kinachojadiliwa ni gharama ya ufundi, kwa hiyo uliza hesabu mbili kando: uzito mara bei ya siku, kisha ufundi. Muuzaji akikataa kuzitenganisha, duka la jirani liko hatua tatu. Vijana watakaokunong'oneza kuhusu saa na mikoba bandia wapite salama.

Kutoka hapo tembea hadi Soko la Viungo, kisha ushuke kwenye kituo cha abra cha Deira Old Souk. Abra ni mashua ya mbao yenye benchi katikati ambapo abiria huketi wakipeana migongo, wakiutazama mji, na nahodha amezama kwenye shimo lake katikati ya watu, usukani mkononi. Nauli ni dirhamu 1 na hutolewa kwake taslimu. Uwe na sarafu. Upande wa pili ni Bur Dubai, soko la vitambaa na mtaa wa Al Fahidi wenye nyumba za minara ya upepo. Mtu wa Mombasa, Lamu au Unguja atayatazama majahazi yaliyofungwa ukingoni, yamejazwa matairi na majokofu, kwa muda mrefu kuliko ratiba inavyoruhusu, na sioni sababu ya kumharakisha. Rudi kwa kituo cha Al Ghubaiba.

Siku ya pili: katikati ya jiji. Jumba la Makumbusho ya Baadaye, lililofunguliwa Februari 2022, limeunganishwa na kituo cha Emirates Towers. Tiketi zake zina saa maalumu na huisha mapema, kwa hiyo nunua kabla hujaondoka nyumbani, uchague saa nne asubuhi. Baada yake, vituo viwili mbele kwenye Red Line ni Burj Khalifa/Dubai Mall.

Hapa wengi hukosea hesabu. Kutoka kituoni hadi dukani kuna daraja refu la ndani, karibu mita 800, na mlango wa kupandia Burj Khalifa uko ndani ya duka lenyewe, ghorofa ya chini. Tenga dakika 45 kutoka kushuka kwenye treni hadi kufika mlangoni.

Jengo hilo la mita 828 lina sehemu za kutazamia kwenye ghorofa za 124, 125 na 148. Tiketi za mtandaoni huwa nafuu kuliko za dirishani, na saa za machweo ni ghali zaidi. Desemba jua huzama karibu saa kumi na moja na nusu jioni, na Juni baada ya saa moja, kwa hiyo tazama saa ya machweo ya tarehe yako kabla ya kuchagua. Kwa maoni yangu, familia ya watu watano yenye bajeti finyu haipotezi kikubwa ikibaki chini: maji ya chemchemi hucheza kwa muziki kila nusu saa jioni, bure, na jengo lenyewe huonekana vizuri zaidi ukiwa nje yake.

Siku ya tatu: asubuhi ya kupumzika, alasiri ya jangwani. Usiweke jambo zito asubuhi. Ikiwa siku hiyo ni Jumapili, Metro huanza saa mbili asubuhi badala ya saa kumi na moja alfajiri.

Marina, Palm Jumeirah na Abu Dhabi nimeviacha makusudi. Mwenye siku tano au sita aviongeze. Mwenye siku nne akivibana humu, ratiba nzima itarudi kuwa ile ya teksi kwenye foleni.

## Hatua ya 8: Jangwani

Magari huja kuchukua wageni hotelini kati ya saa nane na nusu na saa tisa na nusu alasiri, na kurudi karibu saa tatu usiku. Safari nyingi za kawaida huelekea kwenye vilima vyekundu vya Lahbab.

Bei hutofautiana sana kwa sababu kinachouzwa hakifanani. Uliza gari ni la watu wangapi, muda wa kupanda vilima ni dakika ngapi, chakula na vinywaji gani vimo, na pikipiki za magurudumu manne zinalipiwa kando au la. Majibu yaje kwa maandishi.

Kula kidogo mchana. Gari hupanda na kuteremka mchanga kwa ubavu, na tumbo lililojaa biriani haliwezi kuvumilia. Mjamzito na mwenye maumivu ya mgongo wasishiriki sehemu hiyo; waombe kupelekwa kambini moja kwa moja. Vaa viatu vinavyovulika upesi, na kuanzia Desemba hadi Februari beba ile sweta, kwa kuwa usiku wa jangwani hupoa haraka.

## Hatua ya 9: Siku ya kuondoka

Nunua vitu vya mwisho asubuhi, usivinunue njiani kuelekea uwanjani. Begi lipimwe hotelini kabla halijafungwa, na masharti ya uzito yasomwe kwenye tiketi yako, si ya mwenzako, kwa maana hata ndani ya ndege moja hutofautiana. Mwenye mzigo mkubwa wa biashara aukabidhi kwa kampuni ya usafirishaji mapema, apewe risiti yenye uzito na anwani ya kupokelea, wala asijaribu kuugawa kwenye mabegi ya abiria.

Bei za madukani hujumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, iliyoanza Januari 2018. Mtalii anaweza kurudishiwa sehemu kubwa yake kwa ununuzi wa kuanzia dirhamu 250 katika duka lililojiunga na mpango huo. Mwambie muuzaji wakati wa kulipa kwamba wewe ni mtalii, na umpe pasipoti aisajili. Akishafunga risiti bila usajili, huwezi kuomba tena uwanjani.

Ukifika uwanjani, nenda kwanza kwenye kaunta au mashine za kurudishia kodi, bidhaa zikiwa bado mikononi mwako, kwa sababu unaweza kutakiwa kuzionyesha. Ukipata uthibitisho, ndipo upeleke begi kaunta ya ndege. Anayepeleka begi kwanza hana cha kuonyesha, na kwa kawaida harudishiwi kitu.